Michembe ya Bukwimba

Siku ya kwanza: Mwanza hadi Bukwimba, kwa treni

Wazo lilitoka kwa rafiki yangu aliyewahi kusoma Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Alisema watu wa kule wana mchezo wa wikendi. Asubuhi wanapanda treni hadi Seaford, wanashuka, wanatembea juu ya magenge meupe ya chaki yanayoitwa Seven Sisters, kilomita kama 22, mpaka Eastbourne. Wanakunywa chai, wanapanda treni nyingine, wanarudi kwao. Basi. Hakuna mgonjwa anayekwenda kuangaliwa wala mahari inayopelekwa.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Reli ninayo, maji ninayo, na kwa mawe sidhani kama kuna anayenishinda. Kinachopungua ni treni ya kila saa. Ya kwetu, hii ya reli ya zamani, hupita mara chache kwa wiki, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja ni ndoto. Nikaugeuza mchezo: twende na treni, turudi kwa miguu.

Wa kwenda naye alikuwa mpwa wangu, yuko mwaka wa pili chuo kikuu pale Malimbe. Alikubali haraka mno, nikajua hajaelewa.

Tulikaa daraja la tatu, upande wa kulia, maana ndiko lilipo ziwa. Treni ikatoka jioni, pole pole, nyuma ya nyumba za Igogo zilizoatamia mawe, na maji yakawa yanaonekana vipande vipande kati ya mabati. Halafu reli ikayapa mgongo. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu na ndoo tatu zilizofungwa kwa kanga alituuliza tunashukia wapi.

"Bukwimba."

"Poleni. Nani amefariki?"

Reli hii ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, na tangu hapo imeteremsha marobota ya pamba ya Usukuma kwenda bandarini Dar es Salaam. Nimeisikia honi yake maisha yangu yote. Lakini nilikuwa sijawahi kushuka kituo hata kimoja kati ya Mwanza na Shinyanga. Vituo vile kwangu vilikuwa taa mbili na sauti za wauza mayai.

Bukwimba ilitupokea chini ya mwezi wa nusu. Gesti tuliyoipata ilikuwa na godoro zuri na ndoo moja ya maji kwa vyumba vyote. Mhudumu akafungua kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sababu ya safari. Hapo kwenye sababu nikaandika "kutembea".

"Kumtembelea nani?" akauliza.

"Hatumtembelei mtu. Tunatembea tu."

"Mnatembea tu, kwa nani?"

Nikamweleza habari yote, mpaka Brighton nikaifikisha. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akachukua kalamu, akakata neno langu, akaandika "biashara".

Siku ya pili: Bukwimba hadi Mantare

Saa kumi na mbili asubuhi baridi ya Julai ilikuwa bado imekaa chini. Tulikunywa chai kwa mama ntilie, na huko nyuma ya kibanda palikuwa na mwamba mpana, umelala kama mgongo wa kiboko. Juu yake bibi mmoja alikuwa ameketi amenyoosha miguu, anakata viazi vitamu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Akaitikia, akatuangalia mabegi, akaendelea. Nikakaa kumtazama, maana nimekula michembe tangu utoto na sikuwahi kuona inavyotengenezwa. Viazi vyake vilikuwa vimenyauka. Alivivuna siku mbili tatu zilizopita akaviacha vilegee, kwa sababu kiazi kibichi sana kikikatwa chembamba kinavunjika. Anakimenya kwa mikato minne, anakishika kiganjani, kisu kinakuja kuelekea kwenye dole gumba na kusimama hapohapo. Kila kipande unene wa sarafu. Hakuangalia mkono hata mara moja. Vipande anavitandaza juu ya mwamba kimoja kimoja, visilaliane. Jua likipanda, jiwe linapata moto, vinakauka chini na juu kwa pamoja, na kabla ya umande vinakusanywa. Vilivyokwisha kukauka alikuwa navyo kwenye ungo. Akachukua kimoja akakikunja karibu na sikio langu. Ka!

"Kikilia hivi, kinakaa mwaka," akasema. "Kikijikunja, kitaota ukungu." Haya ndiyo michembe. Ukichemsha viazi kwanza ndipo ukavianika, hayo ni matobolwa, na yeye alisema matobolwa ni ya watu wasio na meno.

Akauliza tunakwenda wapi. Mwanza. Kwa gari gani? Kwa miguu. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Alitembea mpaka Bagamoyo. Lakini yeye, baba, alikuwa analipwa."

Kisha uso wake ukabadilika, nami nikajua linakuja jambo. Binti yake anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, pale Mwanza. Kumtumia mzigo kwa basi ni nauli, na makondakta wanapoteza. Sisi si tunapita?

"Tutafika baada ya siku nne, mayu."

"Michembe inakaa mwaka. Nimekuambia sasa hivi."

Ndivyo nilivyotoka Bukwimba na mfuko wa salfeti wa kilo nne hivi umefungwa juu ya begi langu, na namba ya simu ya binti imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye mkono. Mpwa wangu alifungua mdomo. Nikamwambia anyamaze.

Sasa, njia. Kutembea juu ya tuta la reli ni kosa, na hata kama lisingekuwa kosa halina raha: kokoto zinageuka chini ya mguu, na mataluma hayalingani na hatua ya binadamu, kila moja ni fupi mno na mawili ni marefu mno. Tulifuata njia za mikokoteni ya ng'ombe, tuta likiwa upande mmoja. Matuta, niseme. Kuna la zamani, na kuna jipya la SGR, reli ya kisasa, linaloinuka kando, jekundu na refu, limekata vilima kama mkate.

Kwa saa mbili hivi tuliongozana na mwalimu mstaafu aliyekuwa anakokota baiskeli yenye pancha. Huyu ndiye aliyenifungua macho kwamba nilikuwa ninatembea bila kuona. Wasukuma wana majina ya udongo kama watu wa pwani walivyo na majina ya upepo. Juu kabisa, panapoota mawe, maji ya mvua yanateremka na chembe kubwa na kuziacha karibu: huko ni luseni, mchanga mwepesi, pa viazi, karanga na muhogo. Chini yake ni itogolo, ardhi ngumu kama sakafu, maji hayapenyi, na kwa sababu hayapenyi ndiko wanakochimba majaruba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito, makazi ya mtama na pamba.

"Ukiamka umefumba macho nikakuweka popote Usukuma," mwalimu akasema, "kanyaga tu. Utajua uko umbali gani na kilima."

Nilijaribu. Luseni inameza kisigino. Itogolo inarudisha sauti. Na mbuga, wakati huu wa kiangazi, imepasuka nyufa ambazo mpwa wangu aliingiza fimbo ya mkono mzima asiguse chini. Mvua ikinyesha nyufa zile hujifunga, na gari linalopita hapo hubaki hapo.

Pamba ilikuwa inavunwa. Ukiichuma utaona ganda lake lililokauka lina ncha kali nne au tano, na vidole vya wavunaji vimejaa mikwaruzo midogo. Kijana mmoja alituuliza tunapima nini. Wa pili akauliza fidia itatoka lini. Wa tatu, mzee, hakuuliza, alituma mtoto. Tulipofika kitongoji kilichofuata sungusungu wawili, walinzi wa kijiji, walikuwa wametusubiri chini ya mkwaju, na fimbo zao, wapole kabisa, wakatupeleka kwa mwenyekiti.

Nikaeleza. Vitambulisho vikaangaliwa. Mwenyekiti akauliza swali moja tu, lenye akili kuliko yote niliyoulizwa safari nzima: "Kama hampimi reli, hamtafuti dhahabu, wala hamna mgonjwa, huo mfuko una nini?"

Nikaufungua. Michembe. Nikamtajia mwenye mzigo na mahali uendako. Kimya kidogo, kisha watu wakacheka, tukaletewa maji. Kumbe kutembea bila sababu kulikuwa tatizo, lakini kupeleka michembe kwa binti ya mtu ni sababu tosha. Kuanzia hapo sikutaja Brighton tena. Nilisema ninapeleka mzigo Kirumba, na njia ikafunguka.

Mantare tuliingia magharibi, mimi nikiwa ninachechemea. Mabuti mapya. Kosa langu mwenyewe, nilinunua wiki ileile kwa ajili ya kupendeza.

Siku ya tatu: Mantare kuelekea Fela

Malengelenge mawili kisigino cha kulia, moja cha kushoto, na lile la kushoto limepasuka. Fundi wa viatu pale sokoni aliyaangalia mabuti yangu kama daktari anavyoangalia majibu mabaya. Akaniuzia katambuga: tairi la gari kwa soli, mikanda ya mpira wa ndani, misumari midogo iliyokunjwa kwa ustadi isiguse nyayo. Alinipima kwa jicho. Mpwa wangu alipiga picha akazituma nyumbani na maneno ambayo sikuonyeshwa.

Jina la kiatu hicho nililisikia miaka yote bila kulifikiria. Siku hii nilizikata mbuga tatu nacho, kisigino kikipata hewa, na mabuti yakining'inia kwenye begi pamoja na michembe.

Mchana haukuwa na mengi. Jua, vumbi, ng'ombe. Tulipita ngitili moja, malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi, nyasi zimefika kiunoni wakati nje ya mpaka ni vumbi tupu. Hakuna waya wala ukuta. Kuna makubaliano, na faini kwa atakayeingiza mifugo. Miji yenyewe, yaani kaya, imezungushiwa minyaa, na hapa nimkumbushe yeyote atakayepita: usivunje tawi. Mpwa wangu alivunja. Maziwa yale meupe yakamrukia karibu na jicho, tukatumia nusu ya maji yetu kumwosha, na mama mwenye mji akatoka akatufokea sisi wawili kwa Kisukuma kisha akatuongezea maji. Jicho lilikuwa jekundu mpaka jioni.

Tulipumzika juu ya jiwe kubwa lililobebwa na mawe mawili madogo. Utotoni tuliambiwa kwamba majitu yaliyapanga. Mpwa akasema hapana, mjomba, haya hayakupangwa, yalifunuliwa. Itale ya huku ina zaidi ya miaka bilioni 2. Ilipasuka ikiwa bado ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa yakala pembe za vipande, kona zikawa mviringo, na baadaye mvua ikaondoa udongo uliozunguka. Kilichobaki kimekaa palepale kilipokuwa. Kisha jua na baridi vinaendelea kuyamenya, ganda kwa ganda. Alibandua kipande kilicholegea, unene wa sahani, akanipa. Upande wa ndani ulikuwa na rangi ya waridi na ulikuwa wa baridi.

Nilimwambia hadithi ya majitu ni fupi zaidi.

Usiku tulilala kwa familia moja kijijini, kwa maelekezo ya mwenyekiti wa jana, ambaye simu yake ilitutangulia. Tulikula ugali wa muhogo, nsansa (mboga ya majani makavu), maziwa mgando, na bakuli la dagaa waliokaangwa na nyanya. Tulikuwa mwendo wa siku nzima kutoka ziwani, na ziwa lilikuwa limeshafika mezani. Mwenye mji alisema hata maji ya Kahama na Shinyanga ni ya ziwa hilohilo, yanavutwa kutoka Ihelele, wilaya hii ya Misungwi, na siku hizi yamefika Tabora.

"Sisi ziwa hatulioni," akasema, "lakini linapita hapa kila siku linakwenda kwa wengine."

Siku ya nne: Fela, Usagara, Kigongo

Fela tulipita mapema. Ilikuwa shughuli tupu: malori, vijana wa kofia ngumu, vumbi. Kipande hiki cha SGR, Mwanza hadi Isaka, ni kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania, na jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Mpwa akapiga hesabu: treni za umeme zikianza, mtu ataweza kushuka Fela asubuhi, atembee mpaka ziwani, alale kwake. Mchezo wa Brighton kamili. Nilimjibu ndiyo, itakuwa vizuri, na nilimaanisha. Lakini treni ikiwa ya kila saa, ni nani atakayempa mpita njia mzigo?

Usagara tulikunywa soda mbili mbili. Hapo barabara inagawanyika, moja inakwenda mjini, nyingine inashika magharibi kwenda Kigongo. Tungeweza kugeuka kulia tukawahi nyumbani. Tulikwenda kushoto kwa sababu nilitaka kulipata ziwa kwa mbele, siyo kwa ubavu.

Ilikuwa Julai pia, mwaka 1858, mpelelezi Mwingereza Speke alipotoka Kazeh, yaani Tabora, akaja kaskazini kulitafuta ziwa hili. Mwanzoni mwa Agosti alikuwa Mwanza, anatazama maji. Alilipa jina la malkia wake. Wenyewe walikuwa wanaliita nyanza, maana yake ziwa, na hilo liliwatosha. Ninayemfikiria zaidi ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akafikishwa India, akarudi Afrika mtu huru, akatembea njia ile yote pamoja na Speke. Ningetaka kujua miguuni alivaa nini.

Dalili za ziwa zilianza kabla ya ziwa lenyewe. Kwanza upepo uligeuka, ukawa wa usoni na wenye unyevu. Halafu baiskeli moja ikatupita na tenga la samaki limefunikwa majani, ikidondosha maji matone matone kwenye vumbi, na tukayafuata matone hayo mwendo mrefu. Halafu ndege weupe. Halafu barabara ikashuka na ghuba ikafunguka yote kwa mara moja, kijivu, na juu yake daraja.

Nimeliona Ziwa Victoria kila siku ya maisha yangu. Lina karibu kilomita za mraba 68,800 na mimi hulitazama nikiwa kwenye daladala, kati ya kichwa cha mtu na kioo. Siku hii nilikaa chini.

Daraja la Kigongo–Busisi, lenye jina la J.P. Magufuli, lina urefu wa kilomita 3 na lilifunguliwa Juni 2025. Kabla yake palikuwa na vivuko. Nakumbuka foleni zake vizuri, kwa sababu ndani ya foleni hizo nimekula mahindi ya kuchoma mengi kuliko mahali popote. Sasa magari yanapita juu, hata hayapunguzi mwendo. Muuza kahawa mmoja, birika lake bado lina makaa, alituambia zamani alikuwa anamaliza mabirika matano kabla ya adhuhuri.

"Na sasa?"

"Sasa mna bahati, ni ya moto, mmeikuta nzima."

Tulikunywa vikombe vitatu vitatu na kashata. Alisema hata hivyo yeye analipenda daraja. Mkewe alipopata uchungu usiku walivuka dakika chache tu.

Mpwa alikunja suruali akitaka kuingia majini mpaka magotini. Nikamkataza. Kwenye majani ya ukingoni, maji yaliyotulia, ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na ugonjwa huo kwa watu wa ziwa siyo hadithi. Akanawa uso kwa maji ya chupa, amenuna.

Usiku tulirudi Usagara kwa bodaboda. Naam, bodaboda. Miguu ni yangu na hesabu ni yangu.

Siku ya tano: Buhongwa hadi Mwaloni

Daladala mpaka Buhongwa, kisha miguu. Kutoka hapo ni mji, na mji kwa miguu una mambo yake: mtaro, toroli, spika ya duka la simu, "kaka njoo uone". Mkolani. Nyegezi, stendi inachemka. Butimba. Mkuyuni. Kila tulipopita nilikuwa napajua na kila mahali palikuwa parefu kuliko ninavyopajua. Wasichana wawili wa shule walizicheka katambuga zangu kwa sauti, na mimi nilikuwa nimeshazizoea kiasi cha kushangaa wanacheka nini.

Karibu na Mwanza Kusini tulisimama kuangalia bandari. Hapo ndipo reli inapoingia majini: meli ya MV Umoja ina njia za reli tumboni, mabehewa yanasukumwa ndani yakiwa na mizigo yao na kuvushwa mpaka Port Bell, Uganda. Nilimwonyesha mpwa. Alikuwa hajui, na amezaliwa kilomita chache kutoka hapo. Nami, kusema kweli, nilikuwa nimejua kwa kusikia tu.

Mjini hatukukaa. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, lilikuwa na watu wa kupiga picha kama kawaida yake, tukalipungia, tukashika barabara ya Makongoro kwenda Kirumba.

Mwaloni unaunusa kabla ya kuuona. Magunia ya dagaa yamepangwa kama kuta, sangara wa chumvi wamelaliana kama mbao, wapagazi wanapiga mluzi uwapishe. Namba ya mkononi ilikuwa imefutika kwa jasho tangu siku ya tatu, isipokuwa tarakimu nne za mwanzo, ambazo ni za kila mtu. Tukauliza kwa jina la mama na kwa jina la Bukwimba, meza hadi meza, na meza ya saba mwanamke wa umri wangu akainua kichwa.

"Mama yuko salama?"

"Salama kabisa. Anakata viazi."

Nikafungua kamba, nikamkabidhi mfuko. Hakusema kitu. Akatoa kipande, akakikunja karibu na sikio lake. Ka! Akakitia mdomoni kikavu hivyohivyo, akatafuna, ametazama pembeni. Kisha akauliza tumekuja na basi gani.

Mpwa wangu, ambaye alikuwa amelisubiri swali hili siku nne, akamsimulia kila kitu: gesti, sungusungu, minyaa, malengelenge. Mwanamke akatazama miguu yangu.

"Kaka, siku nne? Na mzigo wangu?"

"Michembe inakaa mwaka," nikasema.

Alicheka cheko la mama yake, lilelile, mpaka akaweka chini alichoshika. Akavuta kigoda, akaagiza chai, akaanza kulalamikia mwezi. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na siku za mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inalala na bei inapanda. Alichokuwa nacho ni cha giza lililopita. Akainama chini ya meza, kwenye mfuko wake binafsi, siyo ule wa kuuzia, akachota kwa bakuli mara moja, mara mbili, mara tano.

"Hawa hawana mchanga," akasema. "Wale wa kuanikwa chini mama hawataki, anasema wanasaga meno. Hawa wameanikwa juu ya jiwe."

Akaumwaga mfuko wa salfeti, michembe ikaingia kwenye beseni. Akaukung'uta, akautia dagaa, akaufunga kwa kamba ileile niliyokuja nayo, fundo la mara mbili, akauweka mapajani mwangu.

"Eti treni ya Bukwimba ni lini?"